Trekta linasema "tak" halafu kimya: majibu kwa wasomaji

Mvua za kwanza za Dodoma na Singida zikikaribia, mwishoni mwa Novemba, ujumbe wa wasomaji hubadilika ghafla. Mbegu na mbolea huwekwa kando. Kilio ni kimoja, trekta haliwaki. Si ajabu. Matrekta mengi ya Kongwa, Chamwino, Bahi na Manyoni husimama tangu mavuno yaishe, miezi mitatu au minne juani na vumbini, betri ikiwa imefungwa vilevile na panya wameshahamia chini ya boneti. Kwa hiyo safari hii safu yote tumeipa umeme wa kuwashia.

Ili ufuate majibu haya unahitaji multimita (kipima umeme) ya kawaida, hata ile ya bei rahisi, balbu ya wati 21 ya indiketa iliyoungwa nyaya mbili, brashi ya waya, msasa na spana. Usiidharau balbu hiyo. Multimita hunywa umeme kidogo mno, hivyo waya uliokatika ukabaki unyuzi mmoja bado utaionyesha volti 12, nawe utaamini waya ni mzima. Balbu ya wati 21 hudai karibu ampea 2. Waya ukiwa mbovu, itafifia mbele ya macho yako.

"Stata imekufa, nunua nyingine"

*Shikamooni mafundi. Nina Massey Ferguson 290. Tangu tumalize kusomba mahindi mwezi wa nane halijawashwa. Juzi nimegeuza ufunguo likasema "tak" mara moja, kimya. Nimenunua betri mpya, hali ni ileile. Muuza vipuri anasema stata imekufa, ninunue nyingine. Ninunue? (Msomaji, Kibaigwa)*

Marahaba. Usinunue bado. Fedha ya betri imeshatoka mfukoni. Ya stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake, isubiri vipimo vya nusu saa. Kabla ya yote weka gia huru, funga breki ya mkono, tia jiwe mbele na nyuma ya gurudumu, na uvute kitasa cha kuzimia injini ili isiwake wakati unapima.

Anza kwa macho na masikio. Washa taa kubwa, mwenzako azitazame, wewe ugeuze ufunguo. Taa zikizimika kabisa au kufifia sana, umeme mwingi umedaiwa na haukupatikana: betri ni tupu, kiungo fulani ni kichafu, au kuna kitu kimekwama, iwe stata yenyewe au injini. Taa zisipotikisika huku "tak" ikiwa moja na nzito, solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) imevuta lakini umeme haukupita kwenda kwenye mota. Na ukisikia "tak-tak-tak-tak" ya haraka kama cherehani, mara nyingi ni betri dhaifu au terminali iliyolegea: solenoidi inavuta, mota inadai umeme wote, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Mara nyingi stata haihusiki na kelele hiyo.

Sasa vipimo. Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, 11.8 kushuka chini hiyo ni tupu, ichajiwe kabla hujaendelea. Betri mpya haimaanishi betri iliyojaa. Zile zinazouzwa kavu na kutiwa asidi mbele yako dukani zinatakiwa kuchajiwa kabla ya kufungwa, na wengi hawafanyi hivyo.

Kisha shika ncha za multimita palepale kwenye vichwa vya betri, mwenzako apige stata. Hapa ndipo palipo na siri yote. Ikiwa inazungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikiporomoka hadi 6 au 7, betri ni mbovu, au stata imekwama na inakunywa umeme kupita kiasi. Lakini ikiwa multimita inasimama kwenye 12.4 au 12.5 huku ukisikia "tak" peke yake, maana yake betri haijaombwa chochote. Umeme unazuiwa njiani, na betri nyingine, hata iwe kubwa namna gani, isingesaidia. Tunashuku hapo ndipo ulipo wewe.

Kumtafuta mzuiaji, pima upotevu wa volti. Ncha nyekundu iguse kichwa chenyewe cha chanya cha betri, yaani risasi, si terminali iliyokikumbatia. Ncha nyeusi iguse nati kubwa ya solenoidi inayopokea waya mnene. Piga stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, kuna kiungo kibovu kati ya hapo. Halafu upande wa bodi, yaani chuma cha trekta kilichoungwa na hasi: ncha moja kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha stata, palipokwanguliwa rangi. Piga stata. Hapo isizidi 0.3.

Mbona volti nusu iwe kubwa hivyo? Kwa sababu ya wingi wa umeme unaopita. Stata ya injini ya dizeli ya silinda nne hudai ampea 300 na zaidi inapoanza kuzungusha. Uchafu wenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, kiasi ambacho multimita yako haiwezi hata kukisoma, ukipitiwa na ampea 300 unakula volti 3. Ndiyo maana kupima waya kwa mlio wa "tii" wa multimita, kama wanavyofanya mafundi wengi, hakusemi lolote kuhusu waya mnene wa stata. Waya hupimwa ukiwa kazini.

Angalizo: kipimo hicho kina maana pale tu umeme unapopita. Kama solenoidi imelia lakini haikufunga njia, utasoma sifuri pande zote mbili na kudhani nyaya ni safi. Kwa hiyo malizia kwenye solenoidi yenyewe. Weka ncha kwenye nati zake mbili kubwa, ile inayotoka betri na ile inayoingia kwenye mota. Kabla ya kupiga stata utaona volti 12. Ukipiga, isome karibu na sifuri, isizidi 0.3. Ikilia "tak" na multimita ikabaki 12, visahani vya shaba ndani vimeungua. Ikiwa imeshuka hadi sifuri na upande wa betri hakuna upotevu, lakini mota haizunguki na taa hazififii, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha au zimekwama kwenye vikombe vyake. Hapo ndipo stata inashuka.

Solenoidi yenye visahani vilivyoungua haimaanishi stata nzima itupwe. Kwenye aina nyingi kifuniko cha nyuma hufunguka. Sahani ya shaba inaweza kugeuzwa upande wa pili ambao haujaliwa, na bolti zake za shaba zikageuzwa nusu mzunguko ili zipate uso mpya. Mkifika hapo msisahau kuandika waya upi ulitoka wapi.

Kama kipimo kimekamata kiungo, safisha. Toa waya wa hasi kwanza, mwisho urudishe huohuo wa hasi; ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zake si za mchezo. Kijiko kikubwa cha magadi soda katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu huua ule unga mweupe na wa kijani, ila vizibo vya betri viwe vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Osha, kausha, piga msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, *kisha* paka grisi kwa nje. Wapo wanaopaka grisi ndani ya terminali kabla ya kukaza na kuishangaa baadaye.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni pale waya wa bodi unapofungwa kwenye chesisi au gia boksi. Rangi, kutu na vumbi lililoshikana na mafuta hukaa chini ya nati hiyo miaka nenda rudi. Kwangua hadi chuma cheupe. Na kama waya mnene umebadilishwa, angalia unene wake: kwa stata hiyo uwe wa milimita za mraba 50 hadi 70 za shaba halisi. Sokoni zipo nyaya nene za mpira zenye alumini iliyopakwa shaba ndani. Zinapendeza kwa macho tu.

Haitoi hata mlio

*Taa zinawaka vizuri, honi inalia, lakini nikigeuza ufunguo hakuna mlio wowote. Dereva wangu huunganisha kwa bisibisi pale kwenye stata na linawaka mara moja. Tuendelee hivyo au kuna dawa? (Msomaji, Manyoni)*

Ombi moja kwanza: bisibisi hilo liwekwe chini leo. Anayeunganisha pale husimama mbele ya gurudumu kubwa la nyuma. Trekta likiwa ndani ya gia, linawaka na kuondoka papo hapo, na lina nguvu ya kumpanda mtu bila hata injini kusita. Watu wamekufa namna hii katika nchi nyingi, na ndiyo sababu viwanda vinaweka swichi ya usalama ambayo bisibisi linairuka.

Na huenda swichi hiyohiyo ndiyo ugonjwa wako. Dereva akiunganisha linawaka, hivyo betri, nyaya nene na stata ni vizima. Tatizo liko kwenye njia ya waya mwembamba: kutoka fyuzi, kwenda swichi ya ufunguo, kupita swichi ya usalama, wakati mwingine rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo), hadi nati ndogo ya solenoidi.

Shika balbu yako: waya mmoja kwenye nati ndogo ya solenoidi, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako, akiwa *kitini*, agandamize klachi, aweke gia huru na ageuze ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na solenoidi isilie, solenoidi ni mbovu. Isipowaka, rudi nyuma hatua moja moja hadi upate mahali umeme unapoishia.

Kituo cha kwanza kiwe swichi ya usalama. Kwenye Massey Ferguson za zamani kama 165 na 290, leva ya kasi kubwa na ndogo ndiyo inayotakiwa kuwa katikati. Gia kuu kuwa huru peke yake hakutoshi. Madereva wapya hupoteza asubuhi nzima kwa jambo hili. Matrekta mengine huangalia klachi, au leva ya kuendeshea mashine za nyuma, au vyote pamoja. Jaribu kuitikisa leva huku ufunguo ukiwa umegeuzwa. Likiwaka kwa kubahatisha, swichi imechakaa au haikai sawa. Kwa kupima tu unaweza kuunganisha nyaya zake mbili kwa dakika moja, gia ikiwa huru kwa hakika na magurudumu yamezuiwa. Ukithibitisha, nunua swichi, usiache nyaya zimefungwa pamoja.

Kituo cha pili ni swichi ya ufunguo. Vumbi letu hili jekundu halina huruma nayo. Pima volti kwenye nati ndogo ya solenoidi wakati wa kupiga: kama betri inatoa 12 na hapo panafika 8 au 9, umeme unapotea kwenye swichi au viungo vya njiani, na solenoidi haipati nguvu ya kuvuta. Swichi mpya itatibu. Lakini kama ni trekta la kazi nyingi, dawa ya kudumu zaidi ni kuweka rilei ya stata ya ampea 70 karibu na stata. Waya mwembamba wa ufunguo, ukiwa umeshapita swichi ya usalama, unaingia pini 86. Pini 85 inakwenda bodi. Pini 30 inachukua umeme kutoka nati kubwa ya betri kwenye stata kwa waya wa milimita za mraba 6. Pini 87 inakwenda nati ndogo ya solenoidi. Swichi ya ufunguo itabaki kubeba umeme mdogo sana, nayo itaishi miaka.

Usisahau panya. Wakati wa kiangazi mashamba yakiwa matupu hujenga viota juu ya gia boksi na kutafuna nyaya. Fuata waya wote kwa vidole, hasa unapopita chini ya tanki na kwenye sakafu ya dereva.

Asubuhi linawaka, mchana linagoma

*Trekta langu asubuhi linawaka kwa kugusa tu. Tukilima hadi saa saba mchana, tukazima ili tujaze dizeli, stata inavuta kwa uzito kama imechoka au inagoma kabisa. Baada ya saa moja linawaka. (Msomaji, Mpwapwa)*

Hili limetuletea maswali mengi, na majibu ya mitaani huwa ni "betri". Fikiri kidogo: betri haiponi kwa kupumzika juani. Kinachopoa katika saa hiyo moja ni stata.

Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Stata iliyo ubavuni mwa injini ikipanda nyuzi 50 juu ya joto la asubuhi, koili zake zina ukinzani zaidi kwa asilimia 20. Stata nzima hulimudu hilo. Iliyochakaa, au inayoletewa umeme pungufu na waya mchafu, hapo ndipo inaposalimu amri. Kwa hiyo pima upotevu wa volti kama tulivyomweleza msomaji wa Kibaigwa, ila upime *mchana wakati linagoma*. Kupima asubuhi ni kumpima mgonjwa wa homa siku aliyopona.

Nyaya zikiwa safi, sikiliza. Stata inayozunguka kwa uzito huku betri ikishuka chini ya volti 9 inakunywa umeme mwingi mno, na mtuhumiwa wa kwanza ni bushi, vile viringi vya shaba vinavyobeba mhimili wa stata. Bushi zikiisha, amecha (sehemu inayozunguka) inashuka na kukwaruza vyuma vya sumaku pembeni. Joto likiongezeka nafasi inazidi kubana. Ukifungua utaona alama zinazong'aa upande mmoja. Bushi mpya za shaba hulowekwa kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kugongwa ndani. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na amecha, ambayo huliwa bushi zisipobadilishwa mapema.

Angalia na kaboni: zikibaki nusu ya urefu wa mpya, badilisha zote nne kwa pamoja, na springi zake zisiwe zimebadilika rangi ya buluu kwa joto. Komutata, ile silinda ya vipande vya shaba inayoguswa na kaboni, isafishwe kwa msasa laini. Hapa tuwaonye mafundi wetu: ile tabia ya kuchonga mika (kihami) kati ya vipande vya shaba si ya stata zote. Baadhi ya stata za Lucas hazitakiwi kabisa kuchongwa.

Na kama mchana haivuti wala hailii, lakini ukiimwagia solenoidi umeme wa moja kwa moja kwenye nati ndogo bado hailii mpaka ipoe, koili ya solenoidi imekufa nusu. Badilisha hiyo tu.

Dereva naye ana lake. Asipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na akikosa asubiri dakika mbili. Injini ikiwa ya moto na bado inadai sekunde 20 ndipo iwake, shida iko kwenye dizeli au kompresheni; stata inabebeshwa mzigo usio wake.

Siku mbili tu betri imekwisha

*Betri ina miezi mitano. Trekta likisimama siku mbili halipigi stata. Fundi ameichaji mara tatu. Maji ya betri tunaongeza ya kisima. (Msomaji, Mvumi)*

Tuanze na kisima, maana tukikimbilia nyaya tutakuwa tumeacha mwizi ndani. Maji mengi ya visima vya kwetu yana chumvi, na chumvi hiyo haitoki tena kwenye betri. Tumia maji yaliyotengenezwa kwa ajili ya betri peke yake, yafunike sahani kwa kama milimita 10, na msimu wa kulima tazama kila wiki mbili. Asidi haiongezwi, kinachokauka kwa joto ni maji. Ukiwa na hidromita (kipima uzito wa asidi), chumba kilichojaa chaji kinasoma kati ya 1.26 na 1.28. Chumba kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa 0.05 baada ya kuchaji vizuri, betri hiyo imekwisha, usihangaike nayo. Kuchaji kwenyewe kuwe kwa taratibu, ampea 10 kwa betri ya ampea-saa 100.

Kama vyumba vyote viko sawa, tafuta anayekunywa usiku. Ufunguo ukiwa umezimwa, fungua waya wa hasi, weka multimita kwenye tundu la ampea 10 na uiunge kati ya kichwa cha betri na waya ulioufungua. Usithubutu kugusa ufunguo wakati huo, fyuzi ya multimita itakwenda. Trekta la zamani lisilo na redio wala kompyuta linatakiwa lisome karibu na sifuri. Ukiona ampea 1, hesabu ni nyepesi: kwa siku mbili zimeondoka ampea-saa 48, yaani karibu nusu ya betri ya 100. Taa ya wati 10 iliyosahaulika inatosha kabisa kufanya hivyo.

Sasa fungua fyuzi moja moja ukitazama multimita. Ikiporomoka, umeshajua njia. Wengi watakuta ni redio na spika alizofunga dereva, zimeungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Isiposhuka kwa fyuzi yoyote, fungua waya mnene wa altaneta (jenereta inayochaji betri), uufunge nailoni usiguse chuma. Ikishuka hapo, daiodi za altaneta, zinazotakiwa kuzuia umeme usirudi, zinavuja.

Halafu washa injini, mzunguko wa kama 1,500 kwa dakika, pima kwenye betri: kati ya 13.8 na 14.4 ni sawa. Chini ya 13 haichaji. Zaidi ya 14.8 inachemsha betri, na hiyo inaelezea maji yanayoisha haraka. Kama haichaji, kabla hujaishusha altaneta bonyeza mkanda kwa kidole gumba, usizame zaidi ya milimita 12 hivi, kisha geuza ufunguo bila kuwasha injini. Ile taa nyekundu ya betri inawaka? Kwenye altaneta nyingi za aina hii, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha. Balbu ikiungua, altaneta nzima yenye afya inaweza kukaa kimya tu, na altaneta ngapi zimebadilishwa kwa kosa la balbu!

Zzzzz

*Stata inazunguka "zzzz" lakini injini haigeuki. Nikijaribu mara tatu au nne linashika na kuwaka. (Msomaji, Bahi)*

Umeme wako ni mzima. Ni bendeksi (gia ndogo ya stata inayoshika injini) inateleza, au meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, yameliwa. Tofautisha hivi: zima kila kitu, ingiza gia ya juu, sukuma trekta hatua moja ili injini igeuke kidogo, rudisha gia huru, jaribu tena. Likishika mara hiyohiyo, na siku nyingine likagoma palepale, ni meno, kwa sababu injini ya silinda nne husimama karibu mahali pamoja kila inapozimwa na stata hutafuna sehemu hizohizo. Likiteleza popote, ni bendeksi. Inabadilishwa peke yake. Sauti ya "krrr" ya chuma kwa chuma badala ya "zzz" usiiache hata usiku mmoja, meno yanaisha.

Lori lina volti 24

*Betri ikiisha shambani, tunaweza kuazima umeme kwenye lori la kusomba mazao? (Msomaji, Kondoa)*

Malori mengi yana betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, jumla 24. Ukiziunga hizo kwenye trekta la volti 12 unachoma balbu, saa za dashibodi na altaneta, na betri yako inaweza kupasuka na kurusha asidi. Lori likiwa limezimwa, unaweza kuazima kwenye betri *moja* kati ya hizo mbili: ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi, ukiunga juu ya vichwa vyake viwili tu. Magari mawili yasigusane. Bora zaidi ni pikapu ya volti 12.

Utaratibu: chanya ya trekta, kisha chanya ya msaidizi, kisha hasi ya msaidizi, na ncha ya mwisho ya hasi uiume kwenye chuma kitupu cha injini ya trekta, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na cheche hutokea kwenye kiungo cha mwisho. Ukiwa na pikapu, iache ikinguruma dakika 10 kabla ya kupiga stata. Nyaya nyembamba za kuazimia haziwezi kubeba mzigo wote, lakini zitakuwa zimeshaijaza betri kidogo. Kuondoa ni kinyume chake, ukianza na ile ncha iliyo kwenye injini.